Yungiyungi linafaa sana nyumbani, ila kiangazi liache lilale

Kila mwaka palizi ya mpunga ikifika, mayungiyungi yanang'olewa kwenye majaruba ya Tabora na kutupwa kingoni yakauke. Mkulima hana kosa, maana majani yake hutanda juu ya maji na kuutia mpunga kivuli ukiwa bado mchanga. Lakini miezi michache baadaye, mjini, mtu anamwagilia krotoni na nyasi za mapambo kwa maji ya kununua, tena Septemba, akiamini kwamba ua la maana lazima lisafirishwe kutoka vitalu vya Arusha au Dar es Salaam.

Msimamo wangu ni kwamba kwa bustani ya nyumbani katika mikoa ya Tabora na Kigoma, ua la asili la kuanza nalo ni yungiyungi. Uzuri wake kila mtu anauona. Kinachosahaulika ni kwamba huu ni mmea wa mbuga, yaani bonde tambarare la udongo mweusi linalotuamisha maji, si mbuga ya wanyama. Mbuga zetu hujaa maji Januari na kupasuka nyufa Septemba, na yungiyungi limezoea hali zote mbili. Anayelijua hilo atalilima kwa maji machache. Asiyelijua atalihangaikia mwaka mzima, kisha atawaambia majirani kuwa ni la kusumbua.

Kwetu ya kawaida ni mawili. La kwanza ni la buluu, Nymphaea nouchali, lenye petali zilizochongoka na harufu nzuri, na bua linalolinyanyua ua juu ya maji kwa kimo cha kiganja au zaidi. La pili ni jeupe, Nymphaea lotus, na jani lake utalitambua kwa kingo zenye meno makali na mishipa iliyotuna upande wa chini. Watu huchagua kwa rangi, nami naona hilo ni kosa. Chagua kwa saa. La buluu hufunguka asubuhi jua likishapanda, na alasiri linafunga. Mtumishi anayetoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni atalifaidi Jumamosi na Jumapili tu. Huyo apande jeupe, linalofunguka giza likiingia na kubaki wazi mpaka asubuhi ya siku inayofuata. Mwenye duka la mbele ya nyumba au anayeshinda nyumbani ndiye wa kupanda la buluu.

Mbegu au viazi vyake usivifuate Malagarasi. Ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, yenye hekta 3,250,000, iliingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza kwa Tanzania, na sehemu yake kubwa ni hifadhi ambako kung'oa mmea bila kibali ni kosa. Mamba na viboko wa huko hawahitaji kuelezwa. Nenda kwa mwenye jaruba siku ya palizi, mwombe yale anayotaka kuyatupa, na atakushangaa kwanza kabla ya kukupa bure. Ingia kwa gambuti, na uingie mapema asubuhi. Mabuu ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua linapokuwa kali, kuanzia saa nne hivi hadi alasiri, kwa hiyo maji ya saa moja asubuhi yana nafuu, ingawa hayana usalama kamili.

Na ukiletewa mmea unaoelea wenyewe, wenye mabua yaliyovimba na ua la zambarau lililosimama kama kishada, hilo ni gugumaji. Asili yake ni Amerika Kusini, na wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua vizuri tangu lilipowavamia mwishoni mwa miaka ya 1980. Usilipande hata kwenye beseni. Yungiyungi la kweli limejikita kwenye tope, na ni majani tu yanayoelea, kila jani likiwa na mpasuko mmoja unaofika kwenye bua.

Wengi wakisikia ua la majini wanawaza kuchimba bwawa. Sioni haja. Bwawa la nailoni linatobolewa na mizizi na panya, la saruji jipya linatoa chokaa inayochafua maji kwa wiki kadhaa, na yote mawili yanakunywa maji kuliko kaya. Kwa wenye kiwanja karibu na mto, ziwa au lambo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Chombo kinachotosha ni pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati kwa upana. Unapata vipande viwili, kila kimoja kina kipenyo cha karibu sentimita 58 na kinachukua kama lita 100. Ukilikata kwa urefu utapata uso mpana unaovutia zaidi, lakini uso mpana ndio unaopoteza maji, na nusu pipa ya namna hiyo hubingirika isipowekewa matofali pande zote. Uliza pipa lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au sharubati linafaa likisuguliwa. Lililobeba dawa za shambani, na Tabora yenye tumbaku mapipa ya namna hiyo hayakosekani, usilichukue hata likioshwa mara kumi.

Ndani ya nusu pipa usijaze udongo. Yungiyungi linapandwa kwenye beseni lenye upana wa sentimita 35 hadi 40 na kina cha 15 hadi 20, na beseni hilo ndilo linalozamishwa. Faida yake utaiona Julai, utakapotaka kulitoa lote bila kuchafua kitu.

Hapo kwenye udongo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu aliyezoea mchicha na maua ya kawaida anachukua udongo wa juu wenye samadi, anajaza, anapanda, anazamisha. Ndani ya siku chache mapovu yanaanza kupanda, maji yananuka yai viza, na kiazi kinaelea. Samadi ikikosa hewa chini ya maji inaoza na kutoa gesi, gesi inanyanyua udongo, na chakula kinachovuja kinalisha mwani mpaka maji yanakuwa ya kijani. Mchanga mtupu wa miinuko yetu nao haufai, kwa sababu haushiki chakula wala haushikilii mizizi. Kinachotakiwa ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye jembe, madebe matatu kwa debe moja la mchanga wa mto uliooshwa. Ukikosa wa mbuga, udongo wa kichuguu uliopondwa unafaa. Toa mizizi na majani yote kwa mkono. Ulowanishe siku mbili, ukandekande mpaka usiwe na mifuko ya hewa, kisha jaza beseni ukibakiza vidole viwili juu.

Kiazi kiweke kimelala kidogo, na jicho lake, pale majani yanapochipukia, libaki wazi juu ya udongo. Likifukiwa linaoza, na hiki ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya "nilipanda halikuota". Punguza majani ya zamani yote, bakiza mawili au matatu machanga, kwa kuwa mabua marefu ya jarubani hayawezi kujinyoosha upya kwenye kina kingine. Tandaza kokoto ndogo zilizooshwa unene wa sentimita mbili, ukiacha duara tupu kuzunguka jicho. Zamisha polepole huku umeinamisha beseni ili hewa itoke. Wiki tatu za kwanza maji yawe sentimita 10 tu juu ya udongo, kwa hiyo weka matofali chini ya beseni. Majani yakianza kuelea na kutanda, toa tofali moja moja, mpaka kina juu ya udongo kifike sentimita 20 hadi 25.

Mahali pa kuweka pipa ni pale jua linapopiga saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe usiweke. Kivuli kitakupa majani matupu bila ua, na majani ya mwembe yataozea humo humo.

Mbolea ya kulilisha iko tayari mkoani: ile NPK 10-18-24 ya tumbaku. Kijiko kimoja cha chai, ukifunge kwenye kipande cha gazeti au ukizungushie donge la udongo wa mbuga, kisha ukisukume kwa kidole mpaka nusu ya kina cha beseni, mbali kidogo na jicho. Rudia kila baada ya wiki tano hivi kuanzia Desemba hadi Aprili. Kunyunyiza mbolea juu ya maji ni kulima mwani. Urea usiiguse kabisa ukiwa na samaki, kwani amonia yake itawaua.

Sasa mbu. Hoja hii ndiyo inayowafanya watu wengi wenye akili zao wakatae ua la majini, na hawajakosea kuuliza. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mbu wa malaria tunaowajua zaidi wana tabia tofauti. Anopheles gambiae anapenda vidimbwi vidogo vya muda vilivyo wazi juani, nyayo za ng'ombe na mashimo ya matofali. Anopheles funestus anapenda maji ya kudumu yenye majani. Soma tena hapo: pipa lako la yungiyungi ni makazi aliyotengenezewa funestus. Anayekwambia kuwa majani ya yungiyungi yanafukuza mbu anakudanganya.

Dawa yake ni samaki, na si wengi. Kwa lita 100, vifaranga watatu wa perege kutoka kwa mfugaji wa jirani wanatosha. Wasipewe chakula kingi, maana samaki aliyeshiba pumba hahangaiki na viluwiluwi. Wakizidi urefu wa kidole wabadilishe, kwani perege mkubwa anachimba udongo na kutafuna majani machanga. Mkubwa huyo mrudishe kwa mfugaji au mpike. Usimmwage mtoni wala kwenye lambo, hasa akiwa ni sato aliyeletwa kutoka Ziwa Victoria, kwa sababu Malagarasi ina perege wake wasiopaswa kuchanganywa. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuwaweka samaki, na unapoongeza, ongeza kidogo kidogo. Kosa jingine ni kufunika pipa kwa chandarua chenye dawa. Dawa ile ni sumu kali kwa samaki, na kipande kikizama tu, asubuhi utawakuta wameelea.

Asiyetaka samaki atumie viuatilifu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha. Ni bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu na kuacha samaki na mmea salama. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na urudie kwa ratiba, kwani katika maji ya joto yai hufikia kuwa mbu ndani ya wiki moja hadi mbili.

Ukaguzi ni mara moja kwa wiki, na una namna yake. Nenda ukitazama jua ili kivuli chako kisianguke juu ya maji, kwa sababu viluwiluwi vikiona kivuli vinazama. Chota kwa bakuli jeupe pembeni, pale majani yanapogusana na ukuta wa pipa, utulie kidogo. Kiluwiluwi kilicholala sambamba na uso wa maji ni cha Anopheles. Kinachoning'inia kichwa chini kwa mshazari ni cha mbu wa kawaida wa usiku. Ukikuta chochote ambacho kimekuwa kikubwa, samaki wako hawafanyi kazi.

Konokono wanahitaji ukali uleule. Wanakuja wakiwa wameng'ang'ania mabua, au kama utelezi wenye mayai chini ya jani. Kabla ya kuingiza mmea pipani, sugua kila bua kwa brashi laini, kata majani yote yenye utelezi, na uuweke kwenye ndoo peke yake wiki mbili ukiukagua. Osha kwa glavu. Konokono aliyetoka lamboni akiwa na vimelea vya kichocho anaendelea kuvitoa kwa wiki nyingi, na mtoto anayechezea maji ya pipa ndiye atakayevipata.

Nikimtaja mtoto: anayetambaa anaweza kuzama kwenye sentimita chache za maji. Weka wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 5, ulale vidole viwili chini ya uso wa maji ukikaa juu ya matofali. Majani ya yungiyungi huja juu yakiwa yamejikunja, yanapita bila shida. Hapa sina mjadala. Nyumba yenye mtoto mdogo na isiyo na wavu isiwe na pipa.

Wadudu wengine ni wa kawaida. Vidukari weusi wakijaa kwenye jani lizamishe na wavu kwa saa chache, samaki watawala. Maji ya tumbaku yanawaua pia, lakini na samaki wataumia. Jani lililokatwa vipande vya mviringo, na vipande hivyo ukaviona vinaelea peke yake, lina kiwavi anayejifunika navyo. Viokote kwa mkono. Jani la njano likate chini kabisa, maana kila jani huishi wiki chache tu na kuliacha lioze ni kurudi kwenye tatizo la samadi. Maji yakiwa ya kijani wiki za kwanza usiyamwage. Majani yakifunika nusu ya uso, mwani utakosa mwanga na utakufa wenyewe.

Kigoma mjini na vijiji vya ufukweni vina shida ambayo Tabora haina. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali nyingi, pH yake huzunguka 9, na ukijaza pipa kwa hayo tu mwaka mzima utaona ukungu mweupe juu ya majani, kisha majani mapya yanatoka ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Udongo unacho, ila mizizi haiwezi kukichukua kwenye maji ya namna hiyo. Usiongeze NPK. Kinga maji ya mvua ya bati na ujaze nayo, au uchanganye nusu kwa nusu. Mvua za Kigoma zinatosha kwa kazi hiyo.

Kabla sijafika kwenye kulala, ua lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. La buluu hufunguka na kufunga siku tatu au nne mfululizo. Siku ya kwanza katikati pana kibakuli kilichojaa majimaji yanayong'aa, na stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua, zimesimama wima kukizunguka. Nyuki anayekuja na chavua ya ua jingine anateleza, anatumbukia, chavua inaoshwa na kubaki humo. Wengine hawatoki. Siku ya pili majimaji yamekauka, stameni zinainama kufunika katikati, na ua linaanza kutoa chavua yake. Kwa hiyo ukikuta nyuki aliyekufa ndani ya ua jipya usidhani kuna sumu.

Ua likishachavushwa, bua linajipinda na kulizamisha tunda. Ukitaka mbegu, lifunge kwa kipande cha pazia jepesi siku hiyohiyo, kwani baada ya wiki tatu hadi nne litapasuka na mbegu zitaelea kwa muda mfupi kabla ya kuzama na kupotea. Zisie juu ya tope laini kwenye bakuli, maji sentimita 2 hadi 3 juu yake, juani. Majani ya kwanza ni membamba kama nyasi, hivyo usiyang'oe ukidhani ni magugu. Kwa njia hii utasubiri miezi kadhaa kabla ya ua, na ndiyo maana mimi napendelea viazi.

Na viazi vinapatikana kwa kulilaza. Kufikia Septemba na Oktoba, nusu pipa ya wazi hupoteza kama sentimita 4 hadi 5 za maji kwa wiki, yaani lita 12 hivi. Kwa kaya inayobeba maji kwa baiskeli hiyo si hesabu ndogo, na yungiyungi lenyewe haliyaombi. Katikati ya Juni, usiku wa Tabora ukishapoa, majani mapya yanatoka madogo. Acha mbolea. Julai acha kuongeza maji. Wahamishe samaki, na majani yote yakishakufa, toa beseni uliweke kivulini, stoo au nyuma ya jiko, na umwagie nusu lita kila wiki mbili ili udongo usikauke kabisa kuwa jiwe. Funika kwa waya wa kuku, kwa sababu panya wanavipenda viazi hivi. Pipa tupu lipindue, lisije likakinga mvua ya kwanza na kuzalisha mbu wale wale tuliohangaika nao.

Wenye nafasi ndogo wafukue kabisa. Chini ya jicho la zamani utakuta viazi vidogo vyeusi vyenye ngozi ngumu, kuanzia ukubwa wa njugu mawe hadi limau. Vibonyeze. Kinachobonyea tupa, kigumu kiweke kwenye kopo la mchanga wenye unyevu.

Novemba mvua zikianza, viweke kwenye bakuli la maji juani. Baada ya wiki mbili au tatu kila kiazi kitatoa uzi mwembamba, na juu ya uzi huo mche mdogo wenye mizizi yake. Usiuharakishe. Ukiwa na majani manne na mizizi mirefu kama kidole, ukate kwenye uzi na uupande kwenye beseni. Kiazi kirudishe majini. Kikiwa kizima kitatoa mche mwingine, mara nyingi na wa tatu, na hiyo ya ziada mpelekee yule jirani aliyesema yungiyungi ni la kusumbua, pamoja na debe la udongo wa mbuga, maana akiachwa atatia samadi.